JE, UWANJA WA GOFU WAWEZA KUTWALIWA KWA MUDA?

Miji yetu ya Thika na Ruiru imefurika watu, na kila mmoja una klabu yenye uwanja mpana wa gofu. Tuseme soko linajengwa upya na wachuuzi hawana pa kuuzia. Je, serikali yaweza kuuchukua uwanja huo kwa muda tu?

Naam, yaweza, lakini si kwa mabavu. Sheria ya Ardhi ya 2012 yairuhusu serikali ya kaunti kuiomba Tume ya Kitaifa ya Ardhi iitwalie ardhi kwa manufaa ya umma, kwa muda usiozidi miaka 5. Mwenye ardhi hulipwa fidia. Muda ukiisha, serikali hutoka na kulipia uharibifu. Katiba ya 2010, kifungu cha 40, nayo yampa mwenye mali haki ya kwenda kortini.

Wengine husema ati hiyo ni mali ya matajiri, ichukuliwe tu bure. Hapo wanakosea. Kijana abebaye mifuko ya wachezaji na yule afyekaye nyasi hupata unga wa nyumbani pale pale. Tena, sheria iulindayo uwanja wa gofu ndiyo ikilindayo kishamba cha babu yako. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.