Mgeni wa Bwawani Aje, Mwenyeji Apone

Mashamba ya Marekani yana mamilioni ya mabwawa madogo ya watu binafsi. Mengi yalichimbwa kwa msaada wa idara ya hifadhi ya udongo, ambayo serikali ya shirikisho iliiunda mwaka 1935, ili mifugo ipate maji na mmomonyoko upungue. Humo wamo samaki wadogo watamu wa kukaanga, hasa blugili: bapa kama kiganja, mwenye mdomo mdogo na doa jeusi nyuma ya shavu. Mtu wa ndoana anayemtaka, wakiwemo Waswahili waliohamia huko, hana budi kupiga hodi kwa mwenye shamba. Ushauri anaopewa kwa kawaida ni wa adabu: aende mchana, ajitambulishe, ashukuru hata akikataliwa. Adabu ni ya lazima, ila haitoshi. Ruhusa hupatikana, na hudumu, pale mwombaji anapojua bwawa linahitaji nini na kuonyesha kwamba uvuvi wake utalisaidia.

Msingi wa hoja hii ni kazi ya Homer Swingle, mtafiti wa Auburn katika jimbo la Alabama, aliyeanza kuchunguza mabwawa ya samaki katika miaka ya 1930. Mpango wenye mizizi katika kazi hiyo, unaofuatwa hadi leo kusini mwa Marekani, ni kupandikiza vifaranga 1,000 vya blugili na 100 vya besi kwa kila ekari ya bwawa lililorutubishwa. Besi ndiye mla wenzake. Kazi yake ni kupunguza watoto wa blugili. Na wapo wengi wa kupunguzwa, kwani jike mmoja hutaga maelfu ya mayai, na huweza kurudia katika msimu uleule wa joto. Besi wakivuliwa kupita kiasi, blugili hujaa, chakula huwa haba, na samaki hudumaa: utamwona mwenye umri wa kutosha lakini mfupi, mwembamba, macho makubwa kuliko mwili. Wafugaji wa perege Afrika Mashariki wanaifahamu hali hii vizuri. Ndiyo sababu wengine hupandikiza madume matupu, au huweka kambale wale vifaranga vya ziada.

Kwa hiyo ombi zuri haliishii kwenye “naomba kuvua”. Mwombaji aseme anataka blugili, si besi. Aseme siku gani, saa ngapi, na atakuja na nani. Kisha amuulize mwenyeji samaki gani wapunguzwe na gani warudishwe majini. Bwawa likiwa limejaa blugili, achukue wadogo kwa wingi na kila besi amrudishe. Madume makubwa ya blugili nayo yaachwe, hasa yanapolinda viota vyao, vile vishimo vya duara vinavyoonekana kwa makundi kwenye maji mafupi. Utafiti umeonyesha kwamba yakiondolewa, madume madogo huwahi kukomaa na kuacha kurefuka, na udumavu huzidi. Chambo kiwe minyoo ya ardhini, kamwe si ndoo ya visamaki hai, maana kisamaki kigeni kikiponyoka kinaweza kuharibu mpango wa miaka. Mwisho wa siku amwachie mwenyeji karatasi yenye idadi na urefu wa kila samaki aliyenaswa. Karatasi hiyo ina thamani kuliko shukrani nyingi, kwa sababu urefu wa samaki ndio unaoonyesha kama bwawa lina uwiano.

Wapo watakaosema kwamba si kila bwawa limejaa blugili. Ni kweli. Mengine yana besi wengi waliokonda na blugili wachache wakubwa, na hapo mwenyeji atataka besi ndio wapunguzwe. Hilo linazidi kuonyesha kwa nini mgeni aulize kwanza. Wengine watasema ndoana moja haiwezi kupunguza samaki wanaozaana hivyo. Ni kweli pia kwamba bwawa lililodumaa sana huhitaji nyavu au kupunguzwa maji. Lakini katika bwawa la nusu ekari, mgeni anayerudi mara kwa mara na kuondoa wanaostahili kuondolewa hufanya kazi inayoonekana, na vipimo vyake huonyesha mapema kama hatua kubwa zaidi inahitajika.

Pingamizi zito zaidi ni la mwenye shamba: mgeni akiteleza akavunjika mguu, nani atashtakiwa? Mwaka 1965 ilitungwa sheria ya mfano, na majimbo yote yana sheria ya aina hiyo, inayompunguzia dhima mwenye ardhi anayeruhusu watu kujiburudisha bila malipo. Kinga hiyo ina mipaka. Haimlindi anayenyamazia hatari kwa makusudi, na kwa kawaida hudhoofika au kutoweka akipokea ada. Kwa hiyo mgeni asikimbilie kutoa pesa. Bora asafishe samaki na kumpelekea mwenyeji minofu, au asaidie kukarabati uzio. Ruhusa nayo iandikwe, iwe na tarehe na majina. Suala la leseni pia liulizwe katika idara ya wanyamapori ya jimbo husika, kwani msamaha anaopewa mwenye bwawa si lazima umhusu mgeni wake.

Yupo pia anayeona kwamba samaki ni riziki ya Mungu, hivyo kuombana ruhusa ni uchoyo. Hoja hiyo ina uzito kwenye mito na maziwa ya umma. Bwawa la shambani limechimbwa, limepandikizwa na kutunzwa kwa gharama za mtu, na kuliingilia bila ruhusa kunaweza kuwa kosa la jinai hata kama hakuna kibao: huko Texas na Missouri, alama ya rangi ya zambarau kwenye mti au nguzo inatosha kuwa katazo. Basi ndugu msomaji, ukienda kuomba, nenda ukijua utakachoacha nyuma. Funga geti ulilolifungua, okota hata kipande cha mshipi, na ukikataliwa, heshimu jibu hilo. Mwenyeji aliyeona bwawa lake likinufaika ndiye atakayekukaribisha tena.