Maili Unazo, Pesa Bado Utatoa

Kodi ya Uingereza kwa abiria wa ndege ilianza kutozwa mwaka 1994, na haiulizi kama tiketi imelipiwa kwa pesa au kwa maili. Kuanzia Aprili 2025 hadi Machi 2026, aliyeondoka London kwenda Nairobi, Entebbe au Dar es Salaam alidaiwa pauni 90 akikaa daraja la kawaida. Akikaa mbele, kwenye viti vipana, ilikuwa pauni 216. Kuanzia Aprili 2026 viwango hivyo vilipanda hadi pauni 102 na 244. Wakati wa kurudi, Kenya nayo huchukua dola 50 kwa kila anayetoka nchini kwa safari ya kimataifa. Kwa hiyo ndugu yetu wa London au Reading aliyekusanya maili kwa kadi ya benki na kwa safari za kazini, akajipanga kuja kuwaona wazazi Desemba, ajue mapema kwamba mfuko utaguswa.

Hizo ni pesa za serikali na za viwanja vya ndege, na sina ugomvi nazo katika makala haya. Shirika la ndege linazikusanya tu na kuzifikisha. Mstari unaonisumbua ni mwingine, ambao mara nyingi huwa mkubwa kuliko kodi zote zikijumlishwa, lakini huorodheshwa pamoja nazo chini ya kichwa kimoja: kodi, ada na tozo. Wakala wa tiketi yeyote anaufahamu. Katika mchanganuo wa tiketi, kodi ya Uingereza huandikwa GB, ada ya uwanja wa huko UB. Ukiona YQ au YR, hapo hakuna serikali yoyote. Ni pesa ya shirika lenyewe. Zamani iliitwa tozo ya mafuta. Siku hizi inaitwa tozo ya shirika, na msafiri asiyejua herufi hizo huilipa akidhani anailipia hazina ya taifa fulani.

Tuchukue mfano wa hesabu ya kufikirika, ili jambo lionekane. Tiketi ya kwenda na kurudi daraja la kawaida inauzwa dola 800. Ndani yake nauli halisi ni dola 230, tozo ya shirika dola 350, kodi na ada za viwanja dola 220. Mwenye maili anaambiwa atoe maili 50,000 na kuongeza tozo na kodi, yaani dola 570. Maili 50,000 zimemwokolea dola 230. Kila maili moja imekuwa na thamani isiyofika nusu senti. Mashirika hayo hayo, mteja akitaka kununua maili, huzitoza mara nyingi senti 2 au zaidi kwa kila moja. Zaidi ya hapo, aliyelipa dola 800 atavuna maili mpya kwa safari yake, na aliyetumia maili kwa kawaida havuni kitu.

Katika mfano huo, anayetumia maili amepata hasara, na hajui.

Ili kuelewa mambo yalifikaje hapo, ni lazima kukumbuka biashara yenyewe ni ipi. American Airlines ilizindua programu yake ya AAdvantage tarehe 1 Mei 1981, na United ikafuata siku chache baadaye. Wazo la awali lilikuwa jepesi: ndege huruka na viti vitupu, basi viti hivyo apewe mteja anayerudi mara kwa mara. Baadaye benki zikaingia. Kila mtu anapochanja kadi dukani, benki hununua maili kutoka shirika la ndege na kumpa mteja wake. Maili zikageuka bidhaa ya kuuzwa, na faida yake ikawa kubwa kiasi kwamba mwaka 2020, ndege zilipolala chini kwa sababu ya Uviko, United iliweka programu yake ya MileagePlus rehani kuchukua mkopo, ikikadiriwa kuwa na thamani ya takriban dola bilioni 22. Delta ikakopa dola bilioni 9 kwa dhamana ya programu yake. Wawekezaji waliona wazi kwamba fedha nzuri iko kwenye maili kuliko kwenye mabawa.

Ndiyo maana tozo hii inaniudhi. Maili ya kadi ya benki imekwisha kulipiwa mara moja: benki imelilipa shirika, na gharama hiyo imetoka kwa mwenye duka na mwenye kadi. Siku mteja anapoitumia, shirika linadai malipo ya pili kwa kiti kile kile.

Watetezi wa tozo husema mafuta ni ghali. Yalipopanda bei kuanzia mwaka 2004 hoja hiyo ilikuwa na uzito, na kwa kweli tozo ilizaliwa wakati huo. British Airways ilianza na pauni 5 kwa tiketi ya safari ndefu. Hadi mwanzoni mwa 2006 ilikuwa pauni 60. Mwaka 2007 ilibainika kwamba maofisa wake walikuwa wakiwasiliana na wenzao wa Virgin Atlantic kuhusu lini na kiasi gani cha kupandisha. Virgin ndiyo iliyokwenda kusema, ikasamehewa adhabu. British Airways ilitangaziwa faini ya pauni milioni 121.5 Uingereza, iliyokuja kupunguzwa hadi milioni 58.5, na dola milioni 300 Marekani kwa makosa yaliyojumuisha pia tozo za mizigo.

Kisha bei ya mafuta ikashuka. Januari 2016 pipa moja la mafuta ghafi lilikuwa chini ya dola 30. Japani, ambako tozo hufuata wastani wa bei ya mafuta ya ndege katika soko la Singapore na kupitiwa kila miezi miwili, mashirika ya ANA na Japan Airlines yaliishusha hadi sifuri mwezi Aprili mwaka huo. Kanuni ilikuwa imetangazwa, na kila abiria aliweza kuihesabu mwenyewe. Ulaya mambo yalikwenda njia nyingine: jina la mafuta lilifutwa kwenye tiketi, kiasi kikabaki. Marekani ilikuwa imetoa mwongozo mwaka 2012 kwamba anayetumia jina la mafuta lazima tozo yake ilingane na gharama halisi ya mafuta, na jina jipya halina mzigo huo. Mwaka huo huo wateja wa Marekani waliishtaki British Airways katika mahakama ya shirikisho mjini New York, wakidai tozo waliyolipa kwenye tiketi za maili haikuwa na uhusiano wa maana na bei ya mafuta. Shirika lilikana. Shauri lilikwisha mwaka 2018 kwa suluhu, wateja wakapewa nafasi ya kuchagua pesa au maili.

Kwangu mimi, hata hivyo, ushahidi mzito kuliko wa mahakama unapatikana kwenye kiti kimoja tu. Chukua ndege ya Lufthansa kutoka Frankfurt kuja Nairobi. Anayekata kiti cha maili kupitia Miles & More, programu ya Lufthansa yenyewe, analipa tozo ya shirika. Anayekata kiti hicho hicho kwa maili za United, au kwa pointi za Aeroplan ya Air Canada, halipi tozo hiyo. United haiwapelekei wateja wake tozo za washirika. Aeroplan iliziondoa Novemba 2020, ikabakiza ada ya dola 39 za Kanada kwa tiketi ya shirika mshirika. Ndege ni moja, mafuta ni yale yale, chakula ni kile kile. Kilichobadilika ni programu iliyokata tiketi. Gharama ya mafuta haiwezi kujua abiria wa kiti cha 24 ametumia maili za nani. Hii ni nauli, na iitwe nauli.

Tofauti hiyo ina faida kwa watu wetu walioko Marekani na Kanada. Ethiopian Airlines imo katika Star Alliance, muungano mmoja na United na Air Canada, tangu Desemba 2011, na kutoka Addis Ababa inafika Dar es Salaam, Kilimanjaro, Zanzibar, Nairobi, Entebbe, Kigali na Bujumbura. Mwenye maili za United au pointi za Aeroplan anaweza kufika nyumbani kwa kulipa kodi na ada ndogo tu, mradi apate siku yenye nafasi. Kuipata siku hiyo ni kazi nyingine, hasa Desemba. Delta iliondoa jedwali la wazi la maili mwaka 2015, Flying Blue ya Air France na KLM ikaanza kupanga bei inayobadilika mwaka 2018, United ikafuata Novemba 2019. Jedwali likiondoka, safari iliyokuwa ya maili 60,000 inaweza kuamkia 110,000 bila tangazo lolote. Hilo nalo ni gharama, ingawa halionekani kwenye mchanganuo.

Kwa walioko Uingereza hali ni ngumu zaidi, maana kodi ya serikali na tozo ya shirika hukutana juu ya kichwa kimoja. British Airways iliacha kuruka Dar es Salaam mwaka 2013 na Entebbe mwaka 2015, Nairobi ikabaki. Lakini kuna nafuu ambazo wengi hawazitumii. Mtoto wa chini ya miaka 16 hadaiwi kodi ile ya abiria akisafiri daraja la chini kabisa; familia yenye watoto wawili ihakikishe mstari wa GB haumo kwenye tiketi zao. Anayeanzia uwanja wa Inverness, kule Scotland, kwa tiketi moja inayoungana London na kuendelea, naye hadaiwi. Na kwa kuwa kodi ni ya kuondoka tu, wengine hununua tiketi ya kwenda kwa pesa na kutumia maili kwa kurudi, kutoka Nairobi. Anayetaka kutumia maili kuhamia daraja la juu akumbuke kwamba kodi inaruka hadi kiwango cha pili siku hiyo hiyo. British Airways pia ina bei zinazomruhusu mteja kutoa maili nyingi zaidi na pesa kidogo. Ni vizuri kuzipiga hesabu zote mbili.

Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaokwenda Dubai na Guangzhou wana maili nyingi kuliko wanavyodhani, na wengi huziacha zife. Maili za Skywards ya Emirates hudumu miaka mitatu. Wengine huzikumbuka zikiwa zimebaki wiki mbili, wanakimbilia kukata tiketi yoyote, na hapo ndipo tozo inapowakuta bila muda wa kulinganisha. Baadhi ya programu huuza hata huduma ya kurefusha muda wa maili. Kuna ada ya kumhamishia ndugu maili, ada ya kukata tiketi kwa simu, ada ya kubadili tarehe, na benki ya mteja inaweza kuongeza yake kwa sababu malipo yamekwenda kwa sarafu ya kigeni. Ndogo ndogo zote, ila zinafika.

Sheria zipo. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni namba 1008 ya mwaka 2008, unalitaka shirika lionyeshe bei ya mwisho muda wote, na litenganishe nauli, kodi, ada za uwanja na tozo nyingine. Marekani ilianza Januari 2012 kudai tangazo la nauli liwe na kila kitu ndani. Kwetu, Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza mtoa huduma kumtwika mlaji ada ambayo hakujulishwa kabla, na Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Hakuna haja ya kutunga sheria mpya. Mamlaka za ushindani na za usafiri wa anga za nchi hizi zinaweza kuyataka mashirika yanayouza tiketi hapa yafanye jambo moja: kiasi cha pesa kiandikwe ukubwa ule ule na maili, tangu ukurasa wa kwanza wa utafutaji, na tozo ya shirika itolewe kwenye kundi la kodi. Kenya Airways, ambayo baada ya miaka mingi ndani ya Flying Blue sasa ina programu yake ya Asante Rewards, ingeweza kuonyesha njia bila kusubiri barua ya mtu.

Na wewe msomaji mwenye kadi yenye maili, kabla hujaongeza hata moja, ingia kwenye mfumo leo, tafuta safari unayoitamani, bonyeza hadi ukurasa wa malipo, na usome jumla ya pesa. Toa kiasi hicho kwenye bei ya tiketi ya kawaida ya tarehe hiyo hiyo. Kinachobaki ukigawanye kwa idadi ya maili. Kikishuka chini ya senti moja ya dola kwa maili, nunua tiketi kwa pesa na uzitunze maili zako, au anza kuzikusanya kwa programu isiyotoza YQ.