Kabla ya Kuwaamia, Tazama Midomo

Desemba ikiingia Juba hakuna anayetafuta koti. Mvua imekatika, vumbi la soko la Custom limepanda hadi kwenye paa za matatu, na joto linapita nyuzi 35. Wakati huohuo Ulaya na Siberia zimeganda. Wadudu wa huko wametoweka, na ndege wanaowategemea wameshafunga safari. Baadhi yao hufuata Bonde la Nile, kwa hiyo baridi ya kaskazini inaonekana hapa kwetu bila mtu kutetemeka: ipo mashambani, kwenye mabua ya mtama uliokwisha kuvunwa na majani yaliyochomwa moto.

Mafunzo yanaweza kuanzia palepale Custom, juu ya mabucha. Mwewe wanaozunguka wakivizia vipande vya nyama hawatoki mahali pamoja. Aliyekomaa mwenye mdomo wa manjano ni wa Afrika. Mwenye mdomo mweusi na uso uliopauka huenda ameanguliwa Urusi. Vifaranga wa wenyeji nao wana midomo ya giza, basi usiape kwa ndege mmoja. Zoea tu kuangalia mdomo kwanza. Tabia hiyo ndiyo itakayokufaa ukishavuka daraja kwenda Gumbo au ukielekea Rejaf, kwenye mashamba ya wazi.

Huko mkulima akiona wingu la ndege wadogo, hitimisho lake ni moja: adui. Watoto hupandishwa kwenye dungu na madebe na makombeo, kazi ni kuamia tangu alfajiri hadi giza. Simlaumu. Mwizi wa mtama anayemhofia ni kweleakwelea: ana uzito wa gramu 20 hivi, na kwa siku hula kama gramu 10 za punje. Fanya hesabu: kundi la ndege 100,000, ambalo kwa kweleakwelea ni dogo, linamaliza tani nzima kwa siku. Mara nyingi hutajwa kuwa miongoni mwa ndege wa porini wenye idadi kubwa kuliko wote duniani. Takwimu inayotajwa mara nyingi ni bilioni 1.5.

Kumtambua si kazi. Mdomo wake ni mfupi, mnene, mwekundu, umeumbwa kubangua punje. Wa jike hugeuka manjano wakati wa kuzaa. Hata kwa mbali mwendo wa kundi unamtaja. Wakiwa wanakula chini, walioko nyuma wakikuta punje zimekwisha huruka juu ya wenzao na kutua mbele, kisha waliobaki nyuma nao hufanya vivyo hivyo, na kundi zima linasogea shambani likibiringika kama moshi unaosukumwa na upepo. Chakula chao cha asili ni mbegu za majani ya porini. Zikipungua, au mvua ya kwanza ikiziotesha, hapo mtama unakuwa mashakani kweli.

Kosa linaanza pale kila kundi linapohukumiwa kwa dhambi za kweleakwelea. Tazama ng'ombe wa wafugaji Wamundari wanapopita kwenye mabua. Yangeyange weupe unawajua. Shusha macho zaidi, kwenye kwato: kuna ndege wadogo wenye matumbo ya manjano, wanakimbia badala ya kurukaruka, mkia unapanda na kushuka bila kupumzika. Midomo yao ni myembamba kama sindano, na haiwezi kupasua punje ya mtama hata wakitaka. Hao ni wageni kutoka Ulaya na Asia, wamekuja kula nzi na panzi walioamshwa na kwato. Ukiwarushia mawe unamfukuza mfanyakazi asiyedai mshahara.

Korongo weupe nao, wenye midomo na miguu myekundu, hutua kwa mamia kwenye mashamba makavu kutafuta panzi. Februari 2020 nzige wa jangwani waliingia kaunti ya Magwi; kwa korongo wa namna hii wingi kama huo ni karamu. Usiamke mapema kwa ajili yao. Hupaa kwa kubebwa na hewa ya moto, kwa hiyo hawaondoki walikolala mpaka jua liwe limepasha ardhi. Saa tatu au saa nne ni muda mzuri. Wale ndege wadogo ndio wa kuwahi alfajiri.

Peke yake juu ya kichuguu anaweza kusimama ndege mwingine wa kijivu na hudhurungi, ambaye akiruka anaonyesha kiuno cheupe. Mwaka 2012 watafiti walichapisha safari za ndege wa aina hiyo waliofungwa vifaa vidogo huko Alaska, Marekani. Walivuka Asia yote na kuja kukaa msimu wa baridi Sudan, Uganda na Kenya, takriban kilomita 14,500 kwa kwenda tu. Uzito wake ni gramu 25 hivi, mkubwa kidogo tu kuliko kweleakwelea.

Unapohesabu kundi, usijaribu kumfuata ndege mmoja mmoja. Hesabu kumi, shika kwa jicho ukubwa wa eneo lao, lizidishe hadi mia, kisha pima kundi zima kwa mia hizo. Jicho la mgeni karibu kila mara hupunguza. Mambo haya ni ya lazima kabla ya hapo. Usitoe darubini wala kamera karibu na daraja, kambi ya jeshi au uwanja wa ndege. Omba ruhusa, na mwambie mwenye shamba unachotafuta. Tena usiache njia inayokanyagwa na wenyeji kila siku, kwa sababu kuzunguka Juba bado kuna mabomu ya ardhini yaliyoachwa na vita.

Sumu ya fenthioni inayopuliziwa kweleakwelea wanapolala haichagui midomo. Mwewe na bundi wanaookota mizoga hufa nayo, na yeyote mwingine aliyelala kwenye miti ileile. Ndiyo maana kabla ya kuita ndege ya kupulizia, mtu anayejua aina anapaswa kulitazama kundi hilo jioni mbili tatu.

Wazungu walipata ushahidi kwamba korongo wao anakwenda Afrika baada ya mmoja kupatikana Mecklenburg, Ujerumani, mwaka 1822, akiwa na mkuki wa Kiafrika shingoni. Mwili wake uliokaushwa uko Chuo Kikuu cha Rostock. Leo wanatumia pete za miguuni zenye herufi na namba kubwa zinazosomeka kwa darubini. Ukimwona korongo mwenye pete, andika herufi na namba zote kwa mpangilio, mguu gani, tarehe na jina la mahali, kisha peleka taarifa kwa kituo kilichoandikwa kwenye pete hiyo. Watafute kabla Machi haijaisha, maana kufikia hapo wengi wao wanakuwa njiani kurudi.