Dizeli yabanwa London: kwa nini, na inatuhusu nini sisi wa vijijini?

Msikilizaji, gari la dizeli la mwaka 2010 likiendeshwa London leo, mwenye gari hulipa pauni 12.50 kwa siku. Gari la petroli la mwaka 2007, ambalo ni kuukuu zaidi, kwa kawaida halilipi kitu. Kwa nini dizeli inabanwa hivyo? Tuieleze.

Dizeli ina nini?

Injini ya dizeli haiwashi mafuta kwa plagi kama ya petroli. Hubana hewa mpaka ipate moto sana, kisha nozeli ikipuliza mafuta, yanawaka yenyewe. Ndiyo maana ina nguvu na hutumia mafuta kidogo. Lakini joto hilo huunganisha naitrojeni na oksijeni za hewani, zikawa gesi inayoumiza mapafu. Mafuta yasiyoungua vizuri hutoka kama masizi, chembe ndogo zinazoingia ndani kabisa ya kifua. Mwaka 2012, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliutaja moshi wa dizeli kuwa unasababisha saratani kwa binadamu.

London walifanyaje?

Ada ilianza Aprili 2019 katikati ya jiji. Agosti 2023 ikaenea jiji zima. Hakuna geti barabarani: kamera husoma namba za gari, mwenye gari akadaiwa. Dizeli inayofikia kiwango cha Ulaya kiitwacho Euro 6, kama ilivyo kwa nyingi zilizotengenezwa baada ya 2015, hupita bure.

Wenye vipato vidogo walilalamika, hasa wanaotegemea gari kazini. Jiji likawalipa waliokidhi masharti pauni 2,000 kwa gari dogo lililopelekwa kukatwa chuma chakavu.

Upande wa pili walikuwepo waliokwisha kuumia. Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto mwenye pumu aliyeishi karibu na barabara yenye magari mengi kusini mwa London, alifariki dunia mwaka 2013 akiwa na miaka 9. Desemba 2020, ofisa wa uchunguzi wa vifo alitamka kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake.

Magari yanayokataliwa huenda wapi?

Si yote yanayokatwa. Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba kati ya 2015 na 2018, magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje ya nchi yalikotoka, na Afrika ilipokea mengi kuliko eneo lingine lolote. Bila masharti bandarini, moshi unaokataliwa mjini kwao unahamia kwetu. Kenya, kwa mfano, hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8.

Sisi tufanye nini?

Hata pasipo na foleni ya magari, moshi huo upo kwenye mashine ya kusaga inayotumia dizeli. Bomba la ekzosi litolewe nje, lipite juu ya paa. Watoto wanaosubiri unga wakae nje, mbali na moshi. Moshi mweusi mara nyingi ni dalili kwamba chujio la hewa limeziba au nozeli zimechoka. Ukirekebisha, unaokoa pia mafuta.

Ukinunua gari la dizeli, muulize fundi kama chujio la moshi bado lipo. Wapo wanaoling'oa likiziba, na masizi yote yakabaki kwa abiria na majirani.