Jaribio Dogo Kabla ya Siku Kubwa

Msimu wa harusi umetufikia, na nyumba nyingi mitaani mwetu zimejaa harufu ya udi, asumini na singo mbichi. Katika furaha hii tunamkumbuka bibi harusi mmoja wa jirani zetu ambaye, siku tatu kabla ya kupambwa, alijipaka uso mzima krimu mpya aliyoletewa zawadi. Kesho yake macho yalikuwa yamefura na mashavu yamejaa vipele. Somo wake alimkanda kwa kitambaa cha maji baridi, na mama yake hakuweza kujizuia machozi. Siku ya siku ilipofika, alikaa na mtandio usoni wala hakutaka kupigwa picha. Krimu ile haikuwa mbovu, kwani dada yake aliitumia bila ya dhara lolote. Ni ngozi yake iliyoikataa, na hakuna aliyeiuliza ngozi hiyo mapema.

Kuiuliza ngozi si jambo gumu. Twaa krimu au mafuta kiasi cha punje ya dengu, uyapake mahali padogo penye upana wa sarafu, asubuhi na jioni, kwa muda wa siku 7 hadi 10. Wengi hushauriwa kutumia upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko. Sisi tunaotia udhu mara kadhaa kwa siku tutakuwa tunaliosha jaribio letu kila inapoingia sala. Kwa hiyo ni bora kupanda juu ya kiwiko kiasi cha vidole vinne, upande wa ndani wa mkono, ambako ngozi ni laini na maji ya udhu hayafiki. Vitu vya kuoshwa, kama sabuni na singo, viachwe kwa muda wa kawaida wa matumizi yake kisha visuuzwe, kwani sabuni iliyolazwa mwilini usiku kucha itamwasha hata asiye na tatizo.

Mbona siku nyingi hivyo? Ni kwa sababu mzio wa ngozi hauna haraka. Mara nyingi hujitokeza baada ya siku moja hadi tatu, na pengine hukawia zaidi. Mwili ukikutana na kitu kwa mara ya kwanza huweza kunyamaza, ukajifunza kukichukia, kisha ukalipuka mara ya pili au ya kumi. Ndiyo maana kauli ya “nimekipaka usiku mmoja sikuona kitu” haitoshi. Jaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichokudhuru ni kipi.

Vitabu vingi huagiza watu watazame wekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane, ila mahali hapo pakawa peusi zaidi au pa rangi ya zambarau. Tegemea zaidi muwasho, uvimbe, ukavu na vipele vinavyohisika kwa kidole. Ukiona mojawapo, osha kwa maji mengi na uache kukitumia kitu hicho. Malengelenge yakitokea, muone daktari. Uso au midomo ikifura, au pumzi ikibana, usingojee kupambazuke: kimbilia hospitali.

Wako watakaosema kwamba vitu vya asili havina haja ya kujaribiwa. Karafuu na mlangilangi ni vya asili, na mafuta yake yanajulikana kuwaletea baadhi ya watu mzio. Ndimu nayo ina hila yake: maji yake yakibaki kwenye ngozi kisha jua likaipiga, huweza kuunguza na kuacha mabaka ya miezi. Jaribio lililofichwa chini ya mkono wa nguo halitakuonyesha hilo.

Jaribio hili lina mipaka mingine pia. Halipimi sumu. Krimu ya kung'arisha iliyotiwa zebaki huweza kupita bila muwasho wowote, huku madhara yake yakielekea kwenye figo. Iliyotiwa dawa za steroidi kwa siri hupita kwa urahisi zaidi, kwa kuwa dawa hizo hutuliza muwasho, ilhali zikitumika kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba. Kopo lisiloandikwa vilivyomo lisiingie nyumbani, hata likiwa zawadi.

Tumebakisha piko, na hapa hatushauri jaribio, tunashauri kuiacha. Hina halisi hutoa rangi ya chungwa ambayo hukolea kuwa hudhurungi kwa siku moja au mbili. Weusi unaoshika kwa muda mfupi si wa jani la mhina. Kwa kawaida hutokana na rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo kwa ufupi PPD. Katika Umoja wa Ulaya kemikali hii huruhusiwa katika rangi ya nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, wala haikuruhusiwa kuchorwa kwenye ngozi. Kuipaka mwilini, hata kidogo, huweza kuamsha mzio wa maisha. Binti aliyepata malengelenge ya piko leo huenda akafura kichwa kizima miaka mingi baadaye, siku atakapotia rangi mvi zake. Mchoraji wa hina aulizwe mapema ametia nini, na watoto wasichorwe piko kabisa, hata kwa Idi.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Mama anayemwandalia binti yake sanduku la harusi na aanze majaribio wiki tatu kabla, kitu kimoja baada ya kingine, juu ya mkono wa binti mwenyewe na si juu ya wake, kwani ngozi ya mama si ngozi ya mwana. Siku ikifika, mtandio utafunuliwa kwa furaha, inshallah.