Mwani wa Mafuta Hausahau Kubadilika

Swali linalorudi kila mara kwa wasomaji ni hili: je, mwani uliobadilishwa jeni ili utoe omega-3 nyingi utabadilisha na jeni zetu? Hapana. DNA yake humeng'enywa tumboni sawa na ya mchicha au ya dagaa. Swali zito ni lingine: mwani wenyewe utadumu na sifa hiyo kwa muda gani?

Kuweka mafuta kunakula nguvu ambazo seli ingezitumia kuzaana. Tuseme seli nono hugawanyika kila baada ya saa 30. Kila DNA inaponakiliwa, makosa machache hupenya. Siku moja kosa linazima ulimbikizaji wa mafuta katika seli moja kati ya milioni, nayo, ikiwa imetua mzigo, inaanza kugawanyika kila saa 24. Ndani ya siku 10 inapata vizazi 10, wenzake 8. Vizazi 2 vya ziada maana yake uzao wake umeongezeka mara 4 kuliko wao. Fikisha siku 100: uzao wa ile seli moja umeshakamata takriban nusu ya bwawa! Maji bado ni ya kijani, mwani unastawi, lakini mafuta yameporomoka, na hakuna mfanyakazi aliyekosea.

Ndiyo maana utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2012 unastahili heshima. Watafiti waliupiga miale ya urujuanimno mwani wa Isochrysis, chakula cha chaza wachanga, kisha mashine ikachambua seli zake zilizonona, kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza haikuongeza jumla ya asidi za mafuta kwa kiasi cha maana. Baada ya ile ya pili ilifika miligramu 409 kwa kila gramu ya kaboni, kutoka 262 za mwani wa awali, na kasi ya kukua haikupungua. Hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote: seli isiyolemewa na unono wake haipitwi kirahisi na zilizokonda.

Sasa, wauzaji wa spirulina, unga wa kijani unaonadiwa kama mwani. Kwanza, spirulina ni bakteria. Mafuta yake ni haba, na si chanzo cha kutegemea cha DHA, mojawapo ya omega-3. Anayenadi "mbegu asilia isiyobadilika inayoponya kisukari" anadanganya mara mbili. Hakuna kiumbe hai kisichobadilika, na kisukari hakiponywi kwa unga wa kijani. Wagonjwa wanaoacha insulini kwa maneno kama hayo wanaweza kupoteza maisha.

Mzalishaji: gandisha mbegu mama katika nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, anza upya kutoka kwake mara kwa mara, na upime mafuta badala ya kutazama rangi ya maji. Mnunuzi: tafuta kwenye lebo miligramu za DHA. Zisipoandikwa, rudisha chupa rafuni.