Tutajuaje Tukio Lililogeuza Historia? Mfano wa Uingereza



Tunapojifunza historia ya Uingereza tunakutana na orodha ya miaka: 597, 1066, 1215, 1348, 1534, 1649, 1688. Mwanafunzi huikariri, huijibia mtihani, kisha huisahau. Swali ambalo orodha hiyo haijibu ni hili: kwa nini miaka hii na si mingine? Wafalme wengi walikufa, vita vingi vilipiganwa na sheria nyingi zilitungwa, lakini si kila tukio kubwa liligeuza historia. Katika makala hii tunapendekeza kipimo kimoja cha kuchagulia, kisha tunakijaribu kwa matukio machache. Tunaposema Uingereza tunamaanisha England, si ufalme wote pamoja na Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini.

1. Kipimo chenyewe

Wengi wetu hupima tukio kwa kishindo chake: wamekufa wangapi, ameuawa nani. Wengine hupima kwa yale yaliyofuata. Lakini katika falsafa tunajifunza kwamba jambo kufuata baada ya jingine si sawa na kusababishwa nalo. Tunahitaji kipimo kilicho imara zaidi.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Basi tuulize: je, alikuwapo mtu mwenye nguvu aliyejaribu kuyazoa? Kama alifaulu, tukio lile lilikuwa kubwa, lakini halikugeuza historia. Kama alikuwa na uwezo wote na bado akashindwa, hapo pana mgeuko wa kweli. Tena, sababu ya kushindwa kwake hutuonyesha ni kitu gani hasa kilichobadilika.

2. Kishindo cha 1649 na utulivu wa 1688

Tarehe 30 Januari 1649 Mfalme Charles I alikatwa kichwa hadharani mjini London, baada ya kushindwa vitani na jeshi la Bunge. Ufalme ukafutwa, na baadaye Oliver Cromwell akatawala. Hata hivyo, mwaka 1660 mwana wa mfalme, Charles II, alirudishwa kwenye kiti cha enzi, na maaskofu wa Kianglikana wakarudi kwenye majimbo yao. Maji yalizoleka, walau kwa sehemu kubwa.

Mwaka 1688 kishindo kilikuwa kidogo zaidi. James II, mfalme Mkatoliki, alikimbilia Ufaransa. Bunge likampa kiti binti yake Mary pamoja na mumewe William wa Orange, na masharti yakaandikwa katika sheria mwaka 1689. Wafuasi wa ukoo wa James walijaribu kuurudisha kwa silaha mwaka 1715 na tena mwaka 1745. Jaribio la pili lilizimwa Culloden, Scotland, tarehe 16 Aprili 1746. Tangu 1689 hakuna mfalme wa Uingereza aliyeweza kutawala bila Bunge. Kwa kipimo chetu, 1688 inaitangulia 1649.

3. Imani iliyokaribia kuzimika

Mwaka 597 Mtakatifu Augustino wa Canterbury, mmonaki aliyetumwa na Papa Gregori Mkuu, alifika Kent. Mfalme Ethelbert, ambaye mkewe Bertha alikuwa tayari Mkristo, akabatizwa. Sisi Wakatoliki hupenda kuishia hapo.

Lakini Ethelbert alifariki mwaka 616, na mwanawe Eadbald akaikataa imani. Huko London wana wa mfalme wa Wasaksoni wa Mashariki walimfukuza Askofu Mellitus. Yeye na mwenzake Justus walivuka bahari, na Laurence, mrithi wa Augustino, alikuwa amejiandaa kuwafuata. Mtakatifu Beda, aliyekamilisha historia yake mwaka 731, anasimulia kwamba usiku ule Mtume Petro alimtokea Laurence akamchapa viboko kwa kutaka kulikimbia kundi lake. Asubuhi Laurence alimwonyesha mfalme alama za viboko, na Eadbald akapokea ubatizo.

Laurence alibaki, na Kanisa la Kent likaendelea bila mfalme yule aliyelipokea mwanzoni. Mwaka 597 mbegu ilipandwa. Kwamba imeshika mizizi tunalijua kwa yaliyotokea baada ya 616, ingawa kazi ya kuwafikia Waingereza wote iliendelea kwa miaka mingi baadaye.

4. Hati iliyotenguliwa na Papa

Mwezi Juni 1215, pale Runnymede, mabwana wakubwa walimlazimisha Mfalme John kuitia muhuri Hati Kuu, ambayo dunia inaijua kwa jina la Kilatini, Magna Carta. Askofu Mkuu Stephen Langton alikuwa mmoja wa wapatanishi. Hati ilisema, pamoja na mengine, kwamba mtu huru asifungwe wala kunyang'anywa mali bila hukumu halali.

Aliyejaribu kuizoa ni John mwenyewe. Alikata rufaa kwa Papa Innocent III, ambaye tangu 1213 alikuwa pia bwana wa ufalme huo kisheria, kwa kuwa John alikuwa ameuweka chini yake. Tarehe 24 Agosti 1215 Papa aliitengua hati hiyo kwa sababu mfalme alilazimishwa kwa nguvu na vitisho. Vita vikaanza. Kama historia ingeishia hapo, leo tusingeikumbuka Runnymede.

Mwezi Oktoba 1216 John alifariki, akamwacha mwana wa miaka tisa, Henry III. Waliomlinda mtoto huyo walihitaji kuwavuta mabwana upande wake, hivyo mwezi Novemba wakaitoa hati upya, baada ya kuondoa baadhi ya vifungu. Walioitia muhuri ni William Marshal na Kardinali Guala, balozi wa Papa. Mwaka 1225 Henry, sasa kijana, aliitoa tena ili akubaliwe kodi. Hivyo, karatasi iliyokufa ndani ya wiki chache ilifufuka kwa sababu kila mfalme mwenye shida ya fedha alilazimika kuithibitisha. Mahakama za Tanzania, Kenya na Uganda zilizorithi sheria ya Kiingereza ziko katika mkondo huohuo.

5. Tauni iliyopandisha mishahara

Mwaka 1348 tauni iliingia Uingereza. Katika muda wa miaka miwili hivi iliua pengine theluthi moja hadi nusu ya watu wote. Mashamba yalibaki, wakulima wakapungua. Waliosalia wakaanza kudai ujira mkubwa zaidi, na wengine wakahama kutoka kwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine.

Serikali ilijaribu kurudisha hali ya zamani. Amri ya mwaka 1349 na sheria ya mwaka 1351 ziliagiza kwamba mtu asipokee malipo zaidi ya yale ya kabla ya tauni. Hata makleri hawakuachwa: mwaka 1350 Askofu Mkuu Simon Islip aliwakemea mapadre waliodai malipo makubwa mno kwa huduma zao, akawawekea kiwango. Faini zilitozwa, lakini bwana mwenye mavuno yanayooza shambani alilipa alichoombwa. Mwaka 1381 kodi ya kichwa iliwasha uasi mkubwa wa wakulima. Ulizimwa kwa ukatili, na ahadi za mfalme kwao zikafutwa. Hata hivyo, katika karne iliyofuata utumwa wa shambani ulififia polepole. Mfalme aliwashinda waasi, ila hakuweza kuwafufua wafanyakazi waliokufa.

6. Sheria ya 1534 au ardhi ya 1540?

Hapa ndipo kipimo chetu kinapotusaidia zaidi. Mwaka 1534 Bunge lilimtangaza Henry VIII kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza. Mwaka uliofuata Mtakatifu John Fisher na Mtakatifu Thomas More waliuawa kwa kukataa kuukiri ukuu huo. Wengi wetu tungesema mlango ulifungwa mwaka huo.

Lakini sheria hiyo ilifutwa. Malkia Mary I alianza kutawala mwaka 1553, na tarehe 30 Novemba 1554 Kardinali Reginald Pole aliliondolea Bunge hatia ya mafarakano na kuipatanisha nchi na Roma. Kisheria, maji yalizoleka.

Ambacho hakikurudi ni ardhi. Kati ya 1536 na 1540 nyumba za watawa zipatazo 800 zilifungwa, na sehemu kubwa ya mashamba yao ikauzwa au kugawiwa kwa mabwana, wafanyabiashara na watumishi wa mfalme. Watu haohao, Wakatoliki kwa Waprotestanti, walikaa Bungeni. Walimkubali Papa, lakini baada ya kuhakikishiwa kwamba mashamba hayataguswa. Pole, kwa mamlaka ya Papa Julius III, aliwaruhusu kubaki nayo. Mary alirudisha alichoweza, na mwaka 1556 wamonaki waliingia tena Westminster, lakini monasteri zilizorudi zilikuwa chache sana.

Hatusemi kwamba ardhi peke yake iliamua yote. Mary alitawala miaka mitano tu, na kuchomwa moto kwa Waprotestanti wapatao 280 kuliacha uchungu mkubwa. Yeye na Pole walifariki siku moja, 17 Novemba 1558, na sheria za Elizabeth I za mwaka 1559 zikaitenga tena nchi na Roma. Tunachosema ni kwamba sheria ilifutwa kwa kura, lakini mali iliyokwisha kugawanywa ilikuwa na maelfu ya watetezi.

Ndivyo ilivyokuwa pia baada ya ushindi wa Wanormani mwaka 1066. Kitabu cha Domesday cha mwaka 1086 kinaonyesha kwamba karibu mabwana wote wakubwa wa Kiingereza walikuwa wamepoteza ardhi yao. Lugha ya Kiingereza ilirudishiwa nafasi mahakamani kwa sheria ya mwaka 1362. Ardhi haikuwarudia wenyewe.

7. Kipimo hiki kisichoweza kutuambia

Kipimo chetu kina mipaka. Mabadiliko kama yale ya viwanda hayana siku moja ya kuanza. Zaidi ya hayo, kipimo hiki kinatuambia nini kilidumu, hakituambii nini kilikuwa haki. Fisher na More walishindwa mbele ya historia ya nchi yao; Kanisa likawatangaza watakatifu mwaka 1935. Tukichanganya kilichoshinda na kilicho kweli, tutawaona wafia dini wote kuwa watu waliopoteza.

Kwa upande mwingine, tusichague tu matukio yaliyotuumiza. Katika kurasa hizi chache tumelikuta Kanisa likipanda imani, likitengua hati ya haki na kisha likiitia muhuri, na likimiliki mashamba ambayo wengi waliyatamani. Padre wa kesho atakayeishi jirani na Waanglikana wa mtaa wake anahitaji kuyajua yote hayo, ili anapoulizwa kwa nini tulitengana asijibu kwa kutaja mwaka 1534 na ndoa ya mfalme peke yake.